Majani ya Mlimau Yakigeuka Manjano: Soma Dalili Kabla ya Kununua Dawa

Wakazi wengi waliopanda mlimau au mndimu kwenye ndoo, barazani au karibu na dirisha, hukimbilia duka la pembejeo majani yanapoanza kuwa manjano. Dawa isiyofaa ni hasara tupu. Tazama kwanza ni majani yapi yaliyotangulia kubadilika.

1. Anza na maji
Chomeka kidole udongoni hadi sentimita 5. Ukikuta tope, mizizi inakosa hewa, na hata mbolea haitasaidia. Toboa matundu chini ya ndoo na umwagilie tu udongo wa juu ukishakauka.

2. Majani ya zamani
Jani zima likiwa manjano, mti unakosa nitrojeni. Tia samadi iliyooza vizuri, au kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kwa ndoo ya lita 20, kisha umwagilie. Jani likibaki na pembetatu ya kijani karibu na kikonyo, kinachokosekana ni magnesiamu. Koroga kijiko kimoja cha chai cha magnesiamu salfeti katika lita moja ya maji, unyunyizie majani jioni.

3. Majani machanga
Yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mti haupati madini ya chuma. Hali hii ni ya kawaida kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule wa matumbawe huku Pwani. Usiongeze chokaa wala majivu. Nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma.

4. Dalili ya hatari
Mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani, pamoja na matunda madogo, yaliyopinda na machungu, huenda yakawa ugonjwa wa HLB. Hauna tiba. Huenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na pia kwa miche na vikonyo vya kupandikiza. Mti mmoja wa barazani unaweza kuambukiza mashamba ya majirani wanaolipa karo kwa machungwa.

Ukiona dalili hizo, usimpe mtu yeyote mche wala tawi. Mwite afisa wa kilimo wa wadi yako aukague mti. Ugonjwa ukithibitishwa, ung'olewe na kuchomwa. Unaponunua miche, chagua kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi kijani. Mti unaopona utaonekana kwa machipukizi mapya.