SOMO LA FAMILIA: BAHASHA YA MGONJWA



Siku moja usiku tulimpeleka bibi yetu hospitali akiwa hajiwezi kusema. Daktari akatuuliza: anatumia dawa gani? Ipo dawa inayomdhuru? Tukatazamana. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye aliyekumbuka kuwa bibi huweka vyeti chini ya godoro. Vilipoletwa ndipo ikaonekana kuwa penisilini humdhuru. Alhamdulillahi alipona, nasi tukapata somo.

Kuandika kumo katika dini yetu

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandikiana madeni. Ndani yake anayejua kuandika anaamrishwa asikatae kuandika. Na ikiwa mwenye deni ni dhaifu au hawezi kuyasema mwenyewe, basi walii wake amsemee kwa uadilifu. Mgonjwa mahututi huwa katika hali hiyo. Basi wewe mwanafunzi uliyefundishwa kuandika, ndiye mwandishi wa nyumba yenu.

Ndani ya bahasha tuweke:

1. Kitambulisho, kadi ya bima ya afya kama ipo, na namba za simu za jamaa wawili.
2. Kadi ya kliniki, barua ya rufaa na majibu ya vipimo, vya karibuni vikiwa juu.
3. Karatasi moja ya dawa: jina, miligramu, na mara ngapi kwa siku. Mitishamba nayo iandikwe. Dawa inayomdhuru iandikwe kwa wino mwekundu.
4. Daftari dogo la maelezo ya daktari na tarehe ya kurudi.

Kuvipiga picha kwa simu ni vizuri, lakini simu huisha chaji, karatasi haiishi. Bahasha ikae mahali panapojulikana na watu wawili au zaidi.

Mkoba wa hospitali

Tutie kanga au shuka, ndala, mswaki, sabuni, kikombe na miwani yake. Tusisahau ibada: msala, chombo cha kutawadhia, na udongo safi wa kutayamamu kwa asiyeweza kutumia maji. Imran bin Huswayn (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Siku za Ramadhani ambazo mgonjwa hakufunga nazo ziandikwe, azilipe akipona.

Madeni na wasia

Baadhi yetu huona kuandika wasia ni kujichuria kifo. Sivyo. Katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Naye Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua sana Makka, akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake. Mtume (S.A.W.) akamwekea mpaka wa theluthi, na akaeleza kuwa hiyo nayo ni nyingi. Saad alipona akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Mwisho, siri ya mgonjwa ni amana. Tumuombe ruhusa kabla ya kufungua karatasi zake, na tusizitembeze kwa majirani.

Zoezi

(a) Kaa na mzazi au babu yako, muandike pamoja karatasi yake ya dawa.
(b) Muulize kwa adabu: analo deni, au amana ya mtu, ambayo haijaandikwa?
(c) Taja mambo mawili yaliyomo katika aya ya 282 yanayomhusu mgonjwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Amin.