Mbona stima ya 500 imepungua?

Umelipa shilingi 500 kama kawaida, lakini uniti zimekuwa chache? Kabla ulaumu mita, angalia kundi lako la bei.

Tangu Aprili 2023, Kenya Power hutumia makundi matatu ya nyumbani: hadi uniti 30 kwa mwezi, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kundi lako hufuata wastani wa miezi mitatu.

Fungua SMS zako za tokeni, jumlisha uniti, gawanya kwa tatu. Mfano: 24, 27 na 42 ni 93, wastani 31. Umevuka 30, kwa hivyo kila uniti inakuwa ghali. Punguza pasi na birika la stima, wastani urudi chini.

Tunakushauri upige hesabu hii kabla ya kununua tena.