Dondoo muhimu: Word 2003 ikae unavyotaka

Bado unachapa kwa Word 2003? Shika Alt, kisha buruta kitufe chochote cha juu kwa mausi: kitahamia unapotaka. Ukikiachia katikati ya ukurasa, kinaondoka kabisa, kwa hiyo mkono usiteleze. Ukishika Shift kabla ya kubofya menyu ya File, zinajitokeza Save All na Close All, amri ambazo wengi hawajawahi kuziona. Kwenye AutoCorrect, ifundishe kwamba “jmt” ni “Jamhuri ya Muungano wa Tanzania”. Makatibu muhtasari watanielewa. Vitufe ulivyopanga hukaa kwenye faili liitwalo Normal.dot. Linakili kwenye flashi kabla fundi hajapiga Windows upya.