SOMO: Mtungi wa Punje Chini ya Tangi la Matumbawe

Ndugu wafanyakazi wa mahoteli,

Somo letu safari hii linahusu chombo kidogo ambacho wengi wenu mnakipita kila siku bila kukitazama. Kimo ndani ya kabati, chini ya lile tangi la kioo la samaki wa baharini pale mapokezi. Ni mtungi mwembamba wa plastiki angavu, umesimama wima, na ndani yake punje nyeupe zinachezacheza majini kama mchele unaochemka. Mafundi wanauita riakta ya biopeleti. Sisi tuuite mtungi wa punje, ili tuelewane.

Mwenzetu mmoja atauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na samaki wa mapambo? Shughuli ipo. Katika hoteli moja ya Kampala, mfagizi wa mapokezi aliitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa sababu samaki wote walikufa asubuhi moja. Aliambiwa amemwaga sabuni ndani ya tangi. Mimi nikaitwa nikae naye. Nakiri mbele yenu kwamba nilipokuwa njiani kwenda huko hata mimi niliamini habari ya sabuni, maana sikujua lolote. Shule yangu iliishia darasa la saba. Niliomba kikao kiahirishwe siku tatu, nikatafuta fundi wa matangi, nikakaa naye na daftari. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyojifunza.

Tuanze na uchafu wenyewe. Samaki anakula, na anachokula lazima kitoke. Hutoa amonia, hasa kwa mashavu yake. Amonia mnaijua: ni ile harufu inayochoma pua katika choo cha haja ndogo kisichomwagiwa maji. Kwa samaki ni sumu. Lakini katika mawe na mchanga wa tangi wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti. Naitreti haiui samaki upesi. Inabaki tu majini, inaongezeka siku hadi siku, pamoja na fosfeti inayotoka katika chakula. Baharini kwenye matumbawe naitreti haifiki hata miligramu 1 katika lita moja. Ndani ya tangi lililosahauliwa inaweza kufika 40 na kupita. Hapo mwani unafunika kioo na mawe, matumbawe yanageuka rangi ya udongo, na mteja anamwuliza meneja kwa nini tangi ni chafu. Meneja naye anamwuliza nani? Anamwuliza mwenye ufagio.

Dawa ya zamani ni kubadilisha maji. Tufanye hesabu. Tangi la lita 1,000 lenye miligramu 40 za naitreti kwa lita lina gramu 40 kwa jumla. Ukitoa lita 100 na kutia lita 100 safi, umetoa gramu 4. Zimebaki 36, na samaki bado wanaendelea kula. Lita 100 ni ndoo tano za lita 20, na kila lita inataka kama gramu 35 za chumvi, yaani kilo tatu na nusu kwa mara moja. Chumvi hiyo si ya jikoni. Ni ya kiwandani, inaletwa kwa maboksi kutoka ng'ambo, na sisi tuko mbali na bahari. Basi mwajiri anaona gharama, na mfanyakazi anaona ndoo na mgongo wake. Kwa hiyo mtungi wa punje ulipokuja, pande zote mbili zilifurahi. Sisemi chombo hiki ni kibaya. Kimepunguza ndoo, nasi hatupingi kitu kinachopunguza ndoo.

Sasa kinafanyaje kazi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani punje zinanyonya uchafu kama sifongo. Hazinyonyi kitu. Punje ni chakula.

Bakteria anahitaji vitu vitatu vikubwa ili azaliane: kaboni, naitrojeni na fosforasi. Naitrojeni ipo tele katika naitreti, na fosforasi ipo katika fosfeti. Kinachokosekana tangini ni kaboni ya aina anayoweza kuila. Ni kama mwashi mwenye matofali na mchanga lakini hana saruji: vitu vimejaa uwanjani na nyumba haiinuki. Punje ndiyo saruji. Zimetengenezwa kwa plastiki ya namna yake, nyingi kwa ile ambayo bakteria wenyewe huiweka mwilini kama akiba, jinsi sisi tunavyoweka mafuta tumboni. Mfaransa Maurice Lemoigne aliigundua akiba hiyo ndani ya bakteria mwaka 1926, miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria kuitia katika tangi la samaki.

Bakteria wanazivaa punje, wanazila polepole, wanazaliana, na wakizaliana wanavuta naitreti na fosfeti kutoka majini na kuziingiza miilini mwao. Sehemu ya naitreti hugeuka hewa ya naitrojeni na kupotea. Pampu inazirusha punje zisitulie. Zikigongana, utando wa bakteria unabanduka na kutoka na maji.

Bakteria waliobanduka wanakwenda wapi? Fikirieni vizuri hapo. Wakibaki tangini watakufa, wataoza, na kila walichokivuta kitarudi majini. Lazima watolewe. Kazi hiyo ni ya mashine ya pili, ile ya povu, ambayo mafundi huiita skima. Inapiga maji kwa vipovu vidogo vidogo, uchafu unashikamana na povu, unapanda na kumwagikia katika kikombe kilicho juu. Yale maji meusi yenye uvundo unayoyamwaga wewe kila asubuhi ndiyo njia kubwa ya uchafu kutoka katika tangi. Kwa hiyo mfereji wa kutolea maji ya mtungi uwekwe karibu kabisa na mdomo wa skima. Skima ikizimwa kwa sababu inapiga kelele mapokezi, jambo nililolikuta kwa macho yangu, basi mtungi wa punje unapanda tu bakteria ambao hakuna anayewavuna.

Jambo jingine la kushika ni hewa. Bakteria hawa wanavuta oksijeni ile ile anayoivuta samaki. Punje nyingi zikitiwa siku moja, bakteria wanaweza kufumka kwa pamoja, maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa, na samaki wakapanda juu wakihema. Kwa hiyo fundi mwangalifu huanza na robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, kisha huongeza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Naitreti haishuki kesho yake. Hesabu mwezi, au miwili. Meneja asiye na subira anaweza kumlazimisha mtu amwage kopo zima, na lawama isiandikwe jina la meneja.

Turudi kwenye ile asubuhi ya Kampala. Umeme ulikatika usiku. Jenereta likawaka, likawasha jiko, lifti na taa, lakini soketi ya tangi haikuwa kwenye laini ya jenereta. Pampu zikasimama. Ndani ya mtungi punje zikatulia chini, zikashikana. Bakteria waliojaa humo wakaendelea kuvuta oksijeni katika maji kidogo yaliyofungiwa, na ilipokwisha, maji yakaanza kuoza. Yakioza bila hewa hutoa gesi ya salfa, ile inayonuka kama yai viza, na gesi hiyo ni sumu kali kwa samaki. Alfajiri umeme ukarudi. Pampu ikajiwasha yenyewe, ikayasukuma maji yote ya mtungi ndani ya tangi ambalo samaki wake walikuwa wameshachoka kwa kukosa hewa usiku kucha. Saa nne asubuhi walikuwa wanaelea. Mfagizi aliingia kazini saa kumi na mbili, akasikia harufu, akafungua kabati akapangusa, kwa sababu kazi yake ni kupangusa. Kamera ikamwonyesha kabatini na kitambaa. Hiyo ndiyo ikawa sabuni.

Kikaoni niliomba mtungi uletwe mezani. Ulikuwa bado haujafunguliwa. Punje za chini zilikuwa zimeganda bonge moja, nyeusi, na harufu ilipotoka meneja mwenyewe aliinuka akafungua dirisha. Kisha nikaomba daftari la walinzi, ambamo saa ya umeme kukatika na kurudi ilikuwa imeandikwa. Mwenzetu hakufukuzwa. Alihamishiwa kwenye chumba cha kufulia, na hadi leo hajaandikiwa barua ya kumsafisha jina. Tunaendelea kuidai.

Basi mwenye kuchunga tangi ajue haya. Umeme ukikatika, chomoa pampu ya mtungi wa punje kwanza, mikono ikiwa mikavu, ili isijiwashe yenyewe. Maji ya tangi lenyewe yachotwe kwa jagi na kumiminwa tena kutoka juu, yapate hewa, hadi umeme urudi. Ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe mtungi kwa haraka. Fungua dirisha, usiinamie, maana gesi ile si nzuri hata kwa mapafu yako. Toa maji yote ya mtungini, yamwage chooni. Suuza punje kwa maji ya chumvi, wala si ya bomba, kwa kuwa maji ya bomba yanawaua bakteria uliowangoja miezi miwili. Harufu ikiisha, rudisha, washa, hakikisha zinacheza zote. Bonge lolote livunjwe.

Tena, usikubali kuambiwa ufikishe naitreti sifuri. Matumbawe nayo yanataka chakula. Maji yakikaushwa kupita kiasi yanapauka, mengine yanakufa. Wafugaji wengi wa matumbawe hutafuta naitreti kati ya 2 na 10, na fosfeti kama 0.03 hadi 0.1. Na fosfeti ikikataa kushuka, si lazima kosa liwe lako. Alfred Redfield wa Marekani alionyesha mwaka 1934 kwamba viumbe wadogo wa baharini wana naitrojeni na fosforasi kwa uwiano usiobadilika sana, ambao siku hizi huhesabiwa kuwa atomu kama 16 kwa 1. Ukipiga hesabu ya uzito, ni karibu gramu 10 za naitreti kwa kila gramu 1 ya fosfeti. Naitreti ikiisha, bakteria wanasimama, na fosfeti iliyobaki inabaki. Hapo fundi hutumia chembe za kutu ya chuma kuivuta. Ni kazi ya fundi, alipwe fundi.

Mwisho, daftari. La mikono, la shilingi chache. Andika tarehe, kipimo cha naitreti na fosfeti, punje zilizoongezwa na aliyeagiza, saa ya umeme kukatika na kurudi, na kikombe cha skima kimemwagwa au la. Mweleze msimamizi, atie sahihi. Asipotia, andika kwamba hakutia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo anaruhusiwa kuwa na mwenzake anayemchagua. Mkiitwa, msiende peke yenu, na msiende mikono mitupu.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Katika hoteli yenu, soketi ya tangi iko kwenye laini ya jenereta? Nani amehakikisha, na lini?

2. Kwa nini mtungi wa punje bila skima ni hasara?

3. Tangi la lita 600 lina naitreti miligramu 30 kwa lita. Mkibadilisha lita 60, mmetoa gramu ngapi, na zimebaki ngapi?

4. Kuchunga tangi kumeandikwa katika mkataba wa kazi wa nani kati yenu? Kama hakumo, mjumbe wa tawi alete majina katika mkutano ujao.