Somo la Mwezi Huu: Kipimo cha Matairi ya Pikapu Inayovuta Plau

Mkulima, mvua zinapokaribia, trekta za kukodi huwa chache na kila mtu azitaka siku moja. Kwa hiyo baadhi ya wakulima wa mashamba ya skimu hufunga plau ya ng'ombe nyuma ya pikapu, ile ile inayopeleka maziwa na viazi sokoni. Matairi yakiisha meno, huenda dukani kutafuta makubwa zaidi, wakidhani kwamba tairi kubwa huvuta kwa nguvu zaidi. Sivyo. Tairi kubwa hupunguza nguvu ya kuvuta, na laweza kukuharibia klachi na giabox, au kukuponza barabarani. Somo hili laeleza sababu yake, na jinsi ya kuchagua tairi lifaalo kwa hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule aweza kukusaidia kuifanya.

1. Kwa nini tairi kubwa hupunguza nguvu

Fikiri kisima chenye gogo la kuzungushia kamba. Gogo likiwa jembamba, ndoo hupanda polepole lakini mkono hauchoki. Ukiweka gogo nene, na mpini ni ule ule, ndoo hupanda upesi, lakini mkono waumia. Gurudumu la gari ni kama gogo hilo, na injini ndiyo mkono. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko hulipeleka gari mbali zaidi, lakini nguvu ya kuvuta hupungua. Breki nazo hupata kazi nzito zaidi kulisimamisha gari.

2. Namba zilizo ubavuni mwa tairi

Tazama ubavuni mwa tairi. Tuseme pameandikwa 205/70 R15. Maana yake ni hii:

205 ni upana wa tairi kwa milimita.
70 ni urefu wa ukuta wa tairi, yaani sehemu 70 katika kila 100 za ule upana.
R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani ya tairi. Usichanganye tairi lenye R na lisilo na R katika akseli moja.
15 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Namba hii haibadiliki ila ukibadili rimu.

Kipimo ambacho gari lako lilitengenezewa utakikuta katika kitabu cha gari, au katika karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usitegemee tairi lililopo sasa, maana huenda aliyekuuzia gari alikwisha kulibadili.

3. Hesabu ya kimo cha tairi

Zidisha upana kwa namba ya pili, ugawanye kwa 100. Huo ndio ukuta mmoja. Uzidishe kwa mbili, kwa sababu kuna ukuta wa juu na wa chini. Kisha ongeza rimu, ukikumbuka kwamba inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa tairi la 205/70 R15: ukuta ni 143.5, kuta mbili ni 287, rimu ni 381. Jumla ni milimita 668.

Sasa tuseme mwuzaji akupa 235/75 R15. Ukuta ni 176.25, kuta mbili ni 352.5, rimu ni 381. Jumla ni milimita 733.5. Tairi hili limezidi la kwanza kwa karibu sehemu 10 katika 100. Umepata faida gani? Gari limeinuka kwa milimita 33 tu, kama inchi moja na robo. Na hasara? Nguvu ya kuvuta imepungua kwa karibu sehemu 9 katika 100. Tena kipima mwendo chakudanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe waenda karibu 88. Zaidi ya hayo, tairi laweza kukwaruza bodi unapokata kona.

Mafundi wengi hufuata kanuni hii: kimo kipya kisizidi wala kisipungue cha zamani kwa zaidi ya sehemu 3 katika 100. Kwa gari letu la mfano, hiyo ni kutoka milimita 648 hadi 688. Kwa hiyo likikosekana la 205/70, lile la 215/70 R15, ambalo kimo chake ni milimita 682, laweza kufaa. Lakini kwanza fundi apime kama upana wa rimu yako walikubali.

4. Namba ya mzigo

Hapa ndipo wengi hupotea. Matairi mawili yaweza kuwa na kipimo kimoja lakini nguvu mbalimbali. Baada ya kipimo kuna namba nyingine. Tairi la gari dogo la 205/70 R15 laweza kuwa na namba 96, maana yake hubeba kilo 710. Lile la magari ya mizigo, lenye herufi C, laweza kuwa na namba 106, yaani kilo 950. Kwa matairi mawili ya nyuma, tofauti ni kilo 480. Hayo ni magunia matano ya mahindi ya kilo 90, na zaidi kidogo. Ukinunua la kwanza kwa kuwa bei yake ni nafuu, magunia hayo matano yamebebwa na bahati tu, na siku ya jua kali, mzigo ukiwa mzito, tairi lapasuka. Rahisi ni ghali.

Soma pia namba nne za tarehe. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani hukauka na kupasuka-pasuka hata kama meno yake ni mazima.

5. Meno ya tairi

Katika udongo mweusi wa Mwea, au sehemu za Kinangop ambapo maji husimama wakati wa mvua, tairi la lami hujaa matope likawa laini kama chungu. Kinachosaidia hapo ni meno makubwa yenye nafasi kati yake, katika kipimo kile kile cha gari. Usiongeze kimo.

Ikiwa gari lako huendeshwa kwa magurudumu yote manne, matairi yote yawe na kimo kimoja na meno yaliyolika sawasawa. La sivyo, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana, na gia zitaumia.

6. Unapolima

Pikapu si trekta. Ardhi ambayo haijapata kulimwa, au yenye visiki, mwachie mwenye trekta. Pikapu na ivute plau moja nyepesi, katika udongo uliokwisha kufunguliwa, kwa gia ya chini kabisa na mwendo wa mtu anayetembea. Ng'ombe akihisi jiwe husimama, lakini injini haihisi. Kwa hiyo mtu yeyote asisimame karibu na mnyororo, maana ukikatika waweza kuua.

Ukipunguza upepo ili tairi lishike udongo, usipunguze chini ya kiasi alichokueleza fundi, na ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Tena udongo ukiwa umelowa sana, ngoja. Matairi yataushindilia, na mizizi ya mahindi itashindwa kupenya.

Zoezi

Gari lako latumia 205/70 R15. Mwuzaji akupa 225/75 R15 kwa bei nafuu. Je, lafaa? Fanya hesabu kabla ya kusoma jibu.

Jibu: Ukuta ni 168.75, kuta mbili ni 337.5, rimu ni 381. Jumla ni milimita 718.5, na mwisho wetu ni 688. Halifai. Andika kipimo cha gari lako na namba yake ya mzigo katika karatasi, uiweke pamoja na leseni yako, na uende nayo dukani.