SURA YA KUMI: UBONGO UNAPOJIFUNZA STADI

Kasumulu, wilayani Kyela, iko mpakani. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Hapo utawaona waendesha baiskeli wakipita na mizigo mizito, huku wakizungumza bila wasiwasi. Walipokuwa wakijifunza, walianguka. Ni kitu gani kilichobadilika? Miguu yao ni ile ile. Kilichobadilika hasa ni ubongo.

Ubongo una seli nyingi sana za neva. Seli hizo hupelekeana habari kwa umeme hafifu na kwa kemikali. Tendo linaporudiwa mara nyingi, maungio baina ya seli zinazohusika huimarika. Hatimaye tendo lililohitaji kufikiriwa sana hufanyika kwa wepesi.

Kupima umeme wa ubongo

Mwaka 1924 daktari wa Ujerumani, Hans Berger, alifaulu kupima umeme wa ubongo wa binadamu. Alitangaza matokeo yake mwaka 1929. Katika kipimo hiki, vipande vidogo vya metali hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa na kuunganishwa kwa nyaya na mashine, nayo huchora mawimbi. Mashine haitii umeme kichwani, huupima tu. Mtu aliyetulia na kufumba macho mara nyingi huonyesha mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde. Akifumbua macho, mawimbi hayo hupungua. Hospitalini, mashine hii huwasaidia madaktari kuchunguza kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo wala si laana.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Joe Kamiya wa Marekani aliwataka watu wabashiri ni wakati gani ubongo wao unatoa mawimbi hayo. Kila walipobashiri, waliambiwa kama wamepata au wamekosa. Baada ya majaribio mengi, baadhi yao waliweza kutambua. Tangu hapo wataalamu wamejaribu kutumia mashine hii ili watu wajifunze stadi upesi zaidi, kama vile kulenga shabaha na kupiga muziki. Wengine wameendelea vizuri, wengine hawakupata faida. Mashine haimwagi ujuzi kichwani. Kazi yake ni kama ya kioo: humwonyesha mtu hali yake, naye hujirekebisha.

Jaribio

Mahitaji: rula, penseli, karatasi na kitambaa.

1. Mfunge mwenzako macho. Mwambie achore mistari 10, kila mmoja wa sentimita 10. Usimwambie lolote.
2. Mfunge mwenzako wa pili vivyo hivyo. Kila achorapo mstari, upime, kisha mwambie: "Umezidisha sentimita 2," au "Umepunguza sentimita 1."
3. Pima mistari yote na uandike vipimo katika jedwali.

Huenda ukaona kwamba mistari ya mwenzako wa pili inakaribia sentimita 10 zaidi na zaidi. Wote wawili walirudia mara 10, lakini mmoja tu alielezwa makosa yake.

Kwa hiyo, usimwite mwenzako mzito kwa sababu amechelewa kujua. Mwonyeshe alipokosea, umpe nafasi ya kurudia, naye alale vya kutosha, kwa maana ubongo huendelea kuimarisha mafunzo usingizini.

Maswali

1. Kwa nini kurudia tendo bila kujua kosa hakutoshi?
2. Mashine ya kupima ubongo inafanana vipi na kioo?
3. Taja stadi moja ya nyumbani kwenu. Anayejifunza hujuaje kwamba amekosea?