Mivunjiko na Miteguko ya Katikati ya Wayo

Mchezaji aangukiwapo na mwenzake kwa nyuma, vidole vyake vikiwa vimekita ardhini na kisigino kikiwa juu, uzito wote hukandamiza katikati ya wayo. Mara nyingi huambiwa ameteguka tu, hukandwa kwa maji ya moto, kisha hurudi uwanjani. Kosa hilo laweza kumtia kilema.

Umbile

Wayo una mifupa 26. Katikati imo mitano: mmoja wenye umbo la mashua, mmoja wa mchemraba na mitatu ya kabari. Mbele yake huanza mifupa mirefu mitano ielekeayo vidoleni. Yote kwa pamoja hufanya tao. Kitako cha mfupa mrefu wa pili kimeingia baina ya kabari, kama jiwe la kati lishikalo tao la mlango. Kano imara hukifunga kwenye kabari ya upande wa ndani. Kano hiyo huitwa kwa jina la Lisfranc, mpasuaji wa Ufaransa.

Utambuzi

Dalili kuu ni tatu: uvimbe na maumivu juu ya wayo; kushindwa kusimama kwa ncha za vidole; na weusi wa damu kwenye unyayo. Dalili hii ya tatu isipuuzwe kamwe.

Picha ya eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala yaweza kudanganya, kwani hakuna uzito wa kuitenganisha mifupa. Kwa hiyo, akiweza, hupigwa akiwa amesimama, na miguu yote miwili hulinganishwa. Nafasi baina ya kabari ya ndani na kitako cha mfupa wa pili ikizidi milimita 2, yashukiwa kuwa kano imekatika.

Matibabu

Kwanza, majeruhi asikanyage wala asikandwe. Mguu uinuliwe, uwekewe barafu iliyofungwa kitambaani, naye apelekwe hospitali. Ikiwa mifupa haikuhama, mguu hufungwa plasta, na mgonjwa hutumia magongo kwa muda wa wiki 6 hivi. Ikiwa imehama, mpasuaji huirudisha mahali pake na kuikaza kwa skrubu au vibati vya chuma. Ikiachwa, tao hubonyea, maungio hulika, na kila hatua huwa maumivu.

Zoezi

Mwanafunzi mzima wa miguu asimame kwa ncha za vidole, kisha aeleze: kwa nini aliyekatika kano hii hawezi kufanya hivyo?